Jibu la Gideoni na Jibu la Yeftha

Somo kwa ndugu wanaohudumu katika maktaba, na kwa familia zote

Maandiko ya kusoma: Waamuzi 8:1-3, Waamuzi 12:1-6, Matendo 6:1-7



Mtume Paulo alipokuwa gerezani alimwandikia Timotheo amletee vitu vichache. Aliomba joho lake, kwa maana majira ya baridi yalikuwa yanakaribia, na tena aliomba vitabu (2 Timotheo 4:13). Hakuwa na nyumba, na alijua kwamba kifo chake kiko karibu, lakini bado alitaka kusoma. Basi mtu asituambie kwamba maktaba katika makazi ya wakimbizi ni anasa. Watoto wetu walioanza shule Kongo au Burundi kwa Kifaransa, hapa Uganda wanafanya mitihani kwa Kiingereza, na wengi hawana kitabu hata kimoja nyumbani. Baadhi yenu mlipitia kambi za Burundi, na mnakumbuka kwamba mwaka 2014 shirika la Ufaransa liitwalo Bibliothèques Sans Frontières lilianza kupeleka huko masanduku yake ya vitabu na kompyuta kwa ajili ya Wakongomani. Watu walijaa, kwa sababu njaa ya kusoma ilikuwapo tangu zamani.

Katika maktaba yetu wanahudumu vijana wa makanisa yetu na mama kadhaa. Mimi huwauliza kazi inaendaje. Jibu lao ni moja: kupanga vitabu si shida, maana kitabu ukikiweka mahali kinatulia. Shida ni watu. Kuna anayetukana, kuna anayegoma kuondoka kwenye kompyuta, kuna asiyetaka kukaa meza moja na mwenzake. Kijana wa miaka 20 afanye nini mbele ya mzee wa umri wa baba yake anayempigia kelele? Tuliangalie Neno la Mungu linasema nini, kisha tushuke mpaka pale mezani penyewe.

1. MSOMAJI MGUMU NI NANI?

Kabla ya kumwita mtu mkorofi, tujiulize ameingia na mzigo gani. Nitataja wanne ambao kila anayehudumu maktaba anawafahamu.

Wa kwanza ni mzee anayekasirika akiambiwa aandike jina lake katika daftari la wasomaji. Anasema, "Mnanijua, kwa nini mniandikishe kama mwizi?" Mara nyingi mzee huyo hajui kuandika, au macho yake yamechoka na hana miwani. Ameingia kutazama picha za gazeti na kukaa mahali penye heshima. Hasira yake inafunika aibu.

Wa pili ni baba aliye kwenye kompyuta ambaye dakika zake 30 zimekwisha naye hainuki. Anatafuta habari za kesi yake. Mnajua kwamba Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wako watu wa kwetu waliokuwa wamekwisha kufanyiwa mahojiano na kupimwa na daktari. Baba huyo hufungua ukurasa ule ule kila siku, kama mtu anayerudi kutazama shamba lililonyauka kuona kama limechipua. Ukimwambia "toka, zamu yako imekwisha," yeye anasikia maneno mengine kabisa.

Wa tatu ni mwanafunzi aliye karibu na mtihani. Kitabu cha hesabu ni kimoja na wanaokitaka ni 15. Anakificha nyuma ya rafu nyingine ili kesho akikute, au anachana kurasa anazozihitaji. Huyo si mwizi kwa tabia. Anaogopa kuachwa.

Wa nne ni yule anayeshtuka na kufoka kwa jambo dogo. Mlango ukijibamiza kwa upepo, anasimama. Ukimgusa bega kwa nyuma, anageuka na ngumi. Huyo ameona mambo ambayo sisi wengine tumeyaona pia, lakini kwake bado hayajapita. Msimguse kwa nyuma. Pitieni mbele yake mkimwita kwa jina.

Sisemi kwamba mzigo unahalalisha matusi. Kosa ni kosa. Lakini daktari anayejua ugonjwa hutibu vizuri kuliko anayeona homa tu.

2. WAEFRAIMU WALE WALE, MAJIBU MAWILI

Sasa tufungue kitabu cha Waamuzi. Gideoni alikuwa amewashinda Wamidiani kwa msaada wa Bwana. Badala ya pongezi, watu wa Efraimu walimjia na kuteta naye vikali: kwa nini hukutuita ulipokuwa unakwenda vitani? Walikuwa kabila kubwa, nao waliona wamedharauliwa. Gideoni angeweza kusema, "Mlikuwa wapi miaka yote saba ya mateso?" Hakusema hivyo. Aliwakumbusha kwamba Mungu alikuwa amewatia mikononi mwao wakuu wawili wa Midiani, Orebu na Zeebu, na kwamba masazo ya zabibu za Efraimu yana thamani kuliko mavuno ya ukoo wake mwenyewe. Aliposema neno hilo, hasira yao ikatulia. Hakuna aliyekufa.

Miaka ikapita. Waefraimu wakaja tena na lalamiko lile lile, safari hii kwa Yeftha aliyewashinda Waamoni. Walitisha kuichoma nyumba yake pamoja naye. Yeftha alikuwa na hoja nzuri: aliwaita, nao hawakuja. Alisema kweli. Lakini aliisema kweli kwa kujitetea na kushtaki, na mara ikawa vita. Andiko linaeleza kwamba Wagileadi waliwapiga Waefraimu kwa sababu ya tusi: waliitwa watoro, watu waliokimbia tu.

Ndugu zangu, hapo ndipo panapotuchoma. Yeftha mwenyewe alikuwa amefukuzwa nyumbani na ndugu zake, akaishi ugenini katika nchi ya Tobu (Waamuzi 11:1-3). Alikuwa mkimbizi. Neno lile lilimgusa penye kidonda. Na matokeo yake yalikuwa nini? Wagileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno "Shibolethi". Aliyetamka "Sibolethi" alijulikana kwa ulimi wake, akauawa. Walikufa Waefraimu 42,000. Wako kati yetu waliosimamishwa kizuizini barabarani na kuulizwa maswali ili wasikike wanavyotamka. Hatuhitaji mtu wa kutufafanulia sura hiyo.

Tuone vizuri: lalamiko lilikuwa moja, na waliolalamika walikuwa kabila moja. Kilichotofautiana kwa sehemu kubwa ni jibu. Kweli, Waefraimu walikosa mara zote mbili, na mara ya pili walikosa zaidi. Wala Gideoni hakuwa malaika, maana katika sura hiyo hiyo aliwatendea kwa ukali watu wa Sukothi na Penueli. Lakini siku ile, mbele ya watu wenye hasira, alichagua kuwapa heshima kabla ya kutafuta haki yake. Mithali 15:1 inafundisha jambo hilo hilo: jibu la upole huondoa ghadhabu, na neno kali huiamsha.

Anayehudumu mezani ana jibu la Gideoni upande mmoja na jibu la Yeftha upande wa pili, na anachagua mara nyingi kwa siku.

3. MAMBO MATANO YA KUFANYA MEZANI

a) Mwache amalize kusema. Yakobo 1:19 inatutaka tuwe wepesi wa kusikia na wazito wa kusema. Mtu mwenye hasira akikatizwa huanza upya, tena kwa sauti ya juu. Kule Efeso watu walipiga kelele kwa muda wa kama saa mbili (Matendo 19:34). Karani wa mji aliwatuliza kwanza, ndipo akasema nao, akawaonyesha kwamba mahakama ziko wazi kwa mwenye neno, kisha akawaaga. Soma sura hiyo uone hekima ya mtu wa ofisi ambaye hata hakuwa Mkristo.

b) Punguza sauti yako. Usishindane naye. Ukisema taratibu, atalazimika kunyamaza ili akusikie. Kama umekaa naye amesimama, inuka. Kama yeye amekaa, keti karibu naye. Usimnyoshee kidole.

c) Anza na heshima. Kwetu mtoto haanzi kwa kumwambia mzee "Umekosa." Anasema, "Baba, samahani," au "Mzee wangu, nakuomba kidogo." Gideoni alianza kwa kutaja jema la wale waliomlaumu. Si unafiki ikiwa jema hilo ni la kweli. Yule baba wa kompyuta ni kweli kwamba ana uvumilivu mkubwa. Mwambie.

d) Taja kanuni kwa kifupi, kisha taja linalowezekana. Usiishie kwenye "hairuhusiwi." Sema hivi: "Baba, naona bado unatafuta. Muda wa kila mtu ni dakika 30, na hawa watatu wanasubiri. Nitakuandika tena baada yao, na leo ukikosa, kesho asubuhi utakuwa wa kwanza." Kwa mwanafunzi: "Kitabu hiki hakitoki nje, ila tunaweza kuwapanga wawili wawili, saa moja moja, na hizi karatasi ukanakili." Watu wengi huweza kupokea "hapana" ikiwa imefuatana na njia.

e) Ongeeni pembeni. Mathayo 18:15 inaanza na mtu kuonywa akiwa peke yake. Mtu akirekebishwa mbele ya watu 20, atapigania uso wake hata kama anajua amekosa. Mwite mlangoni au chini ya mti. Na akikubali kosa, usirudi ndani ukitabasamu kama aliyeshinda kesi.

Kwa yule mzee asiyejua kuandika, ndugu mmoja alipata njia njema. Kila anayeingia, awe mwalimu au mtoto, anaulizwa, "Nikuandikie jina, au utaandika mwenyewe?" Kwa kuwa swali ni la wote, mzee hajitambulishi kwa aibu yake. Jambo dogo, lakini mzee huyo sasa anakuja kwa amani, na mjukuu wake humsomea gazeti.

4. KANUNI IWE MOJA KWA WOTE

Upole peke yake hautoshi. Kanisa la kwanza lilipata manung'uniko: Wayahudi waliosema Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6:1). Lilikuwa lalamiko la mgao, tena la watu wa lugha moja dhidi ya watu wa lugha nyingine. Mitume hawakuwaambia walalamikaji kwamba wanakosa imani. Walikubali kwamba jambo linahitaji utaratibu, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Ukiyatazama majina ya wale saba, yote ni ya Kiyunani. Kanisa lilijali kwamba waliojiona wamesahauliwa wawaamini wagawaji.

Hapo tunajifunza kwamba manung'uniko mengine ni ya haki. Msomaji mgumu wakati mwingine ndiye pekee aliyethubutu kusema ambalo wengine wanaliona. Akisema, "Vitabu vizuri mnawapa watu wenu," usikimbilie kujitetea. Fungua daftari la kuazimia, utazame. Kama ni uongo, daftari litakulinda. Kama ni kweli, tubu na urekebishe.

Kwa hiyo kanuni ziandikwe ubaoni, kwa lugha zinazosomwa hapa, ziwe chache, na ziwe na sababu. Zimguse kila mtu sawasawa. Mkumbuke Yakobo 2:1-4, juu ya aliyevaa vizuri kupewa kiti chema na maskini kuambiwa asimame. Mkwe wa mwenyekiti anasubiri zamu. Mfanyakazi wa shirika anasubiri zamu. Na wachungaji pia wamo. Mchungaji anayekaa na itifaki ya Biblia miezi mitatu kwa kisingizio cha kuandaa mahubiri anawanyima wenzake, na kijana akimkumbusha kwa heshima, amshukuru.

Jambo hili halifundishwi kanisani tu. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, lilitoa tamko lake la maktaba za umma mwaka 1949, likaliandika upya mwaka 1972 na 1994, na likarekebishwa tena mwaka 2022. Msingi wake ni kwamba huduma ya maktaba ni ya kila mtu kwa usawa, pasipo kuangalia umri, rangi, jinsia, dini, taifa, lugha wala cheo. Sisi tunasoma jambo hilo tukikumbuka kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

5. SHIBOLETHI ISIINGIE MAKTABA

Nagusa sasa sehemu ngumu. Goma ilitekwa Januari 2025, na Bukavu Februari 2025, na wapya wengi waliingia Uganda. Wamefika na maumivu mabichi. Kijana anaingia maktaba, anasikia lugha fulani kwenye meza ya dirishani, anasimama na kusema, "Siwezi kukaa na hao. Hao ndio waliotumaliza."

Anayehudumu afanyeje? Kwanza, asibishane juu ya vita. Meza ya maktaba haiwezi kuamua kesi ya Kivu wala ya Ituri. Pili, asimdharau kwa kusema "Sahau yaliyopita." Ni nani aliyeweza kusahau kwa kuamriwa? Tatu, asimwinue yule mwingine kwenye kiti chake. Aliyekaa dirishani naye alikimbia. Naye ana kaburi aliloliacha bila jiwe. Aseme hivi: "Kaka, nasikia uchungu wako, na sitakulazimisha. Pale kuna kiti kingine. Lakini humu hatuulizi mtu kabila, na hakuna anayeondolewa kwa sababu ya lugha yake. Siku mtu akitaka kukuondoa wewe, nitamwambia hivi hivi." Maneno hayo ya mwisho msiyaache. Mtu aliyefukuzwa mara nyingi anahitaji kujua kwamba kanuni inayomlinda adui yake ndiyo inayomlinda na yeye.

Jambo la pili katika sehemu hii ni daftari. Huja mtu akauliza kwa sauti ya kirafiki: "Yule mama wa kutoka kijiji fulani huja siku gani? Anasoma nini? Amejiandikisha kwa jina gani?" Usijibu, na usimwonyeshe daftari. Hata akikasirika, usijibu. Baadhi ya watu hapa walikimbia wauaji, na wengine walikimbia waume waliowapiga. Mwaka 2012 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, liliweka katika maadili yake kwamba habari za msomaji ni siri. Kwetu siri hiyo inaweza kuwa uhai wa mtu. Rahabu aliwaficha wageni wake, na Mungu alimkumbuka. Sema tu, "Samahani ndugu, daftari hili hatumwonyeshi mtu," umpeleke kwa msimamizi. Na jioni lifungiwe kabatini kwa ufunguo.

6. UPOLE SI KUKUBALI KUUMIZWA

Isije mtu akalitumia somo hili kuwafunga kamba dada zetu. Dada anayehudumu maktaba hakuitwa avumilie kushikwa mkono, kufuatwa jioni, wala kuambiwa maneno machafu na mtu anayejifanya kutafuta kitabu. Hilo si jaribu la uvumilivu, ni dhambi na ni kosa la sheria. Aseme "Hapana" kwa sauti inayosikika, aondoke pale, amwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Na sisi wazee tusimwulize alikuwa amevaa nini.

Vivyo hivyo kwa aliyelewa waragi, aliyeshika jiwe au panga, na anayetisha kuchoma nyumba kama Waefraimu walivyomtisha Yeftha. Mithali 22:3 inasema kwamba mwenye busara huona hatari akajificha. Watoeni watoto kwanza. Kitabu hununuliwa tena, na kompyuta pia. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji na polisi. Msimzuie mtu kwa mikono. Ndiyo maana nashauri mtu asihudumu peke yake. Bwana Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, naye Mhubiri 4:9-10 anatueleza faida yake.

Baada ya tukio, andikeni katika daftari lingine la matukio: siku, saa, kilichosemwa, kilichofanyika. Andikeni mliyoyaona, msiandike mnayodhani. Nehemia aliposikia kilio cha watu alikasirika sana, lakini alishauriana na nafsi yake kwanza, ndipo akawakabili wakubwa (Nehemia 5:6-7). Daftari hilo hutusaidia kufanya hivyo. Kisha ongeeni ninyi kwa ninyi na kuomba, maana aliyetukanwa mchana akilala na tusi lile, kesho atalitupa kwa msomaji asiye na kosa.

Na kama mtu amezuiwa kuingia, aambiwe ni kwa siku ngapi na atarudije. Adhabu isiyo na mwisho ni kufukuzwa, na sisi tunajua kufukuzwa kulivyo. Akirudi, asalimiwe kama wengine. Msimfungulie ukurasa wa zamani.

7. KWA SISI TUNAOINGIA KUSOMA

Tusiwaachie wahudumu peke yao mzigo huu. Katika sinagogi la Nazareti, Bwana wetu alipewa kitabu cha nabii Isaya. Alikisoma, akakifunga, akamrudishia mtumishi, akaketi (Luka 4:20). Mwenye Neno lote alirudisha kitabu mkononi mwa aliyempa. Wazazi, wafundisheni watoto hivyo. Kurasa zisikunjwe, wala mistari isichorwe kwa kalamu. Kitabu kilicholowa kwa mvua kirudishwe kama kilivyo na ukweli usemwe. Msikitupe kwa hofu ya kulipa. Simu zinazochajiwa kwa sola zinyamazishwe. Na mama mwenye mtoto anayelia asitazamwe kwa macho mabaya. Amsimamie mtu mmoja ambebee mtoto kidogo, naye asome ukurasa wake.

Mgao umepungua, na tangu mwaka 2023 tumegawanywa katika makundi ya wanaopata zaidi na wanaopata kidogo. Wako wasiopata kabisa. Watu huingia maktaba na njaa, na mwenye njaa ana maneno mafupi. Tuvumiliane. Kijana aliye nyuma ya meza naye hakula asubuhi.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Yeftha alisema kweli, lakini vita vikatokea. Je, tunaweza kusema kweli kwa namna inayoleta vita? Toeni mfano wa jirani, bila kutaja jina.
2. Neno gani likitamkwa linakugusa penye kidonda, kama Wagileadi walivyoguswa na neno "watoro"? Utafanya nini siku utakapolisikia?
3. Katika Matendo 6 lalamiko lilikuwa la haki. Tutajuaje lalamiko la haki na la ugomvi?
4. Wenye watoto: watoto wetu wanajifunza nyumbani kuwaitaje watu wa kabila lingine? Je, maneno hayo wanayapeleka maktaba?
5. Tufanye nini kama kanisa ili dada na kaka wanaohudumu wasiachwe peke yao?

TUOMBE

Bwana Mungu, uliyemlinda mtumishi wako Paulo gerezani hata akaomba vitabu, tunakushukuru kwa kila kitabu kilichotufikia mahali hapa. Wape wanaohudumu masikio ya kusikia na ulimi wa upole. Waponye wanaoingia na hasira ambayo si ya leo. Vunja Shibolethi katika vinywa vyetu. Walinde binti zetu. Na utujalie siku moja kusoma kwa amani katika nchi isiyo na kizuizi barabarani. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Wanaohudumu maktaba watakutana Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi ili wajifunze sehemu ya tatu kwa kuigiza, mmoja akiwa msomaji mwenye hasira na mwingine akiwa mezani. Wasomaji wenye hasira ya kweli pia wanakaribishwa.

Mchungaji wenu katika Kristo